Posta

Pale Kebirigo kuna hadiwea moja ninakonunua misumari. Mwenyewe ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mpole, kitambi kimeanza kumtangulia. Akinipimia kilo mbili za inchi nne, mizani ikishatulia huongeza misumari mitatu minne ya bure, kisha huvuta kitabu cha risiti. “Mwalimu, niandike jina?” Namwambia asiandike. Huandika “mteja”, hunikatia karatasi yangu, na mazungumzo yetu huishia hapo. Yakiendelea, ni ya bei ya mabati au mvua ya mawe iliyopiga majani chai. Tumeishi hivyo miaka mingi.

Mwezi Juni mwaka 2001 mimi ndiye niliyekuwa nimelikalia jina lake, na watu walilitaka.

Shule sitaitaja. Si ile yenye jina la soko la Kebirigo. Ni mojawapo ya zile nyingine zilizotawanyika vilimani huku kwetu Nyamira, kati ya mashamba ya chai, ambako asubuhi ya Juni ukungu huingia darasani pamoja na watoto. Nilikuwa nafundisha Kiswahili na Dini. Kazi ya ushauri nasaha sikuiomba. Neno lenyewe tulikuwa tumelisikia sana redioni baada ya bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, wataalamu walipokuwa wakiwaita manusura waje wazungumze. Wizarani kitengo cha ushauri kilikuwapo tangu 1971, lakini katika shule kama yetu kilikuwa cheo cha karatasini: jina la mwalimu kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, karibu na jina la mwalimu wa bustani.

Kisha mambo mawili yakaja mwezi mmoja. Machi 2001 serikali ilifuta viboko shuleni, kwa Tangazo la Kisheria namba 56. Na usiku wa kuamkia tarehe 26 mwezi huohuo, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli kule Machakos likateketea na wavulana 67 wakafa humo. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli. Madirisha yalikuwa na vyuma. Mambo hayo hayakuwa mageni kabisa kwetu. Moto wa shule ya Bombolulu kule Kwale ulikuwa umechukua wasichana 26 miaka mitatu kabla, na Nyeri mwaka 1999 viranja wanne walimwagiwa petroli na kuchomwa wakiwa usingizini. Lakini Kyanguli ilitufanya walimu tuwaogope wanafunzi, na tulikuwa tumenyang'anywa fimbo wiki hizohizo. Chumba cha walimu kilijaa swali moja: tutawatawala kwa nini sasa? Jibu la wizara lilikuwa ushauri nasaha. Jibu la mwalimu mkuu wetu lilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa mama wa watoto na sikuwa na sauti ya kufoka.

Likizo ya Aprili nilipelekwa Kisii mjini kwa mafunzo ya wiki mbili. Nilirudi na cheti, daftari lililojaa, na chumba: stoo ya zamani ya mipira na chokaa, meza moja, viti viwili, na mlango uliotazamana na dirisha la chumba cha walimu. Huo mlango nitaurudia.

Lazima nieleze jambo moja kwa wasiotufahamu. Kwetu Abagusii kuna kitu kinaitwa chinsoni. Wengine hukitafsiri kuwa heshima, wengine aibu. Ni vyote viwili. Mtoto hamwelezi mzazi wake mambo ya mwili wala ya fedheha, na mtu wa rika la mzazi wake huhesabiwa kuwa mzazi. Wa kuambiwa alikuwa nyanya au babu, kwa maana kati ya mjukuu na babu kuna utani, na palipo na utani ulimi hulegea. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minane. Kwa watoto wale nilikuwa mama, yaani mtu wa mwisho wa kuambiwa. Nilijua kwamba nikiketi tu mle ndani nikingoja, nitangoja mpaka nistaafu.

Kwa hiyo niliahidi. Jumatatu ya kwanza ya muhula wa pili nilisimama kwenye paredi nikawaambia kwa Kiswahili changu kizuri kabisa: utakaloniambia mle chumbani nitazikwa nalo. Kuna aliyepiga makofi.

Mkufunzi wetu hakutufundisha hivyo. Alisema siri ina mpaka: mtu akikusudia kujiua au kumuua mwenziwe, au mtoto akiwa anaumizwa, siri inakoma hapo, na mpaka huo mteja aambiwe mapema, kabla hajafungua kinywa, ili achague mwenyewe la kusema. Lilikuwa kwenye daftari langu, nimelipigia mstari mara mbili. Nililiacha makusudi. Niliona kwamba mtoto wa Kigusii ambaye tayari ana chinsoni shingoni, ukimwongezea na masharti mlangoni, atageuka arudi bwenini. Sikusahau, wala si kwamba sikufundishwa.

Na walikuja. Kwa wiki tano walikuja, mmoja mmoja, wakijifanya wameleta vitabu. Wiki ya tatu ya Juni walikuja watatu.

Jumatatu alikuja mvulana wa kidato cha kwanza, mdogo wa umbo, ambaye alikuwa akikojoa kitandani na kuamka saa tisa usiku kuanika shuka nyuma ya jiko kabla wenzake hawajaamka. Jumanne alikuja msichana wa kidato cha pili, wa kutwa, ambaye mama yake aliuza nyanya soko la Kebirigo. Mama alikuwa amekonda, na nyumbani walikuwa wamegundua ni nini. Mwaka huo ukimwi ulikuwa umekwisha kutangazwa janga la kitaifa tangu Novemba 1999, lakini kutangazwa ni kutangazwa. Kijijini haukutajwa kwa jina. Ulisemwa kwa kidole na kwa kushusha sauti. Dawa za kupunguza makali zilikuwa za watu wa mbali. Yule msichana hakutaka ushauri wowote kutoka kwangu. Alitaka kuwe na mtu mmoja duniani anayejua, ili asiwe peke yake na hilo neno.

Alhamisi jioni, mvua ikinyesha, alikuja mvulana wa kidato cha tatu.

“Mwalimu, ulisema halitoki.”

“Halitoki.”

Kulikuwa na petroli, jerikani ya lita tano, kwenye nyasi za nepia nyuma ya bweni la wavulana. Yeye mwenyewe ndiye aliyeileta kutoka Kebirigo, ndani ya gunia la sukumawiki za jikoni. Wenzake wanne walimtuma kwa sababu alikuwa na zamu ya kusaidia jikoni na lango lilimzoea. Walikuwa na hasira za kawaida za shule za bweni: maharagwe yenye wadudu, filamu ya mwisho wa mwezi iliyofutwa, na mtihani wa moki ambao kila mtu alisema utatoka mgumu kwa makusudi. Wangewasha Jumamosi usiku. Wangewatoa watu kwanza, alisema. Alilisema hilo mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

“Sitaki watu waungue, Mwalimu. Na sitaki wajue nimesema.”

Nilimwambia amefanya vizuri kuja. Sikumwambia kingine, kwa sababu kila nililotaka kumwambia lilikuwa limefungwa na maneno yangu mwenyewe ya kwenye paredi. Alipoondoka nilijifunika khanga kichwani nikaenda kulizunguka bweni kama mtu aliyepoteza kitu. Madirisha manane, yote na vyuma. Milango miwili, na wa nyuma ulikuwa umezibwa na vitanda viwili vya deka kwa sababu ya wizi wa magodoro. Niliyahesabu madirisha mara mbili nikitumaini nimekosea.

Usiku huo mume wangu aliniuliza nina nini, nikasema kichwa. Siri ya mtungi muulize kata, na mimi ndiye niliyekuwa kata. Nilikuwa na mwana wangu mwenyewe aliyelala bweni la shule nyingine, upande wa Sotik. Kulipokucha nilikuwa nimeamua jambo ambalo niliona ni la hekima: nitataja petroli, sitataja mtu.

Mwalimu mkuu alinisikiliza akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, maana kisa hiki kikisimuliwa na wengine humfanya yeye kuwa shetani. Aliuliza nani kaniambia. Nikasema siwezi.

“Mwalimu, nina watoto mia tatu na arobaini wanaolala humu. Ukinipa petroli bila mwenye petroli umenipa nusu ya ufunguo.”

“Hiyo nusu inatosha kuipata.”

Ikapatikana kweli, kabla ya saa nne, ikiwa na lita zote tano. Kama hadithi ingekwisha hapo ningekuwa naisimulia kwenye harusi.

Kamati ya nidhamu iliitwa mchana huohuo. Ilikuwa Ijumaa, na wengi wa wajumbe walikuwa Waadventista kama watu wengi wa huku kwetu. Jua likizama Sabato imeingia, na hakuna mtu angeketi kwenye kikao. Kwa hiyo kila kitu kilifanywa kwa mwendo wa jua. Tulikuwa saba: mwalimu mkuu, naibu wake, walimu watatu, mwakilishi wa wazazi, na mimi. Nilikuwa katibu. Ndiyo, mshauri wa siri alikuwa pia katibu wa kamati ya kuadhibu, na hakuna aliyeona ajabu, hata mimi mwenyewe. Katika shule ndogo kila mwalimu huvaa kofia tatu.

Naibu alitoa karatasi kutoka mfukoni. Alikuwa na tabia ya kusahihisha madaftari dirishani, dirisha lile linalotazamana na mlango wangu, na alikuwa ameandika majina ya walioingia mle tangu Jumatatu. Majina matatu. Alisema kwa utulivu kabisa kwamba mmoja wa hawa watatu anajua mwenye petroli, na kwa kuwa mwalimu mshauri amefungwa mdomo, sisi tutawauliza wao.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Nimekirudia kikao kile mara nyingi kuliko ibada yoyote niliyowahi kuhudhuria, na kila mara nakuta milango miwili tu. Nikisema, “Waacheni hawa wawili,” nimemtaja wa tatu. Nikinyamaza, wawili wasio na hatia wataulizwa walichofuata kwangu. Nikanyamaza. Nilikuwa na kalamu mkononi, na mtu mwenye kalamu huonekana ana kazi.

Mdogo wa kidato cha kwanza aliingia kwanza. Aliulizwa kuhusu petroli, hakuelewa. Akaulizwa basi alienda kufanya nini kwa mwalimu. Alinitazama. Niliangalia karatasi. Akasema. Mmoja wa wajumbe alicheka, si kwa ubaya, cheko la mtu aliyekuwa akitegemea jambo zito. Lakini mtoto alilisikia. Nami niliandika: “Mwanafunzi ameeleza kuwa tatizo lake ni la kiafya.” Nilijiona nimemsitiri.

Msichana alikataa. Alisimama pale na sweta yake imekatika kiwiko, akasema ni mambo ya nyumbani. Mambo gani ya nyumbani? Naibu alimkumbusha Kyanguli. Alimwambia mtu anayejua na hanyamazi ndiye anayeokoa, na anayejua akanyamaza ni sawa na mwenye kiberiti. Maneno hayo hayakuwa ya uongo. Kwa mtoto yule yalikuwa mahali pasipo pake tu. Mwakilishi wa wazazi akaongeza kwamba baba yake msichana anamfahamu, wala si vizuri aitwe. Hapo akaona afadhali aseme mwenyewe. Akamsema mama yake, ugonjwa kwa jina lake, mbele ya watu saba. Hakuna aliyecheka. Dirishani jua lilikuwa limefika kwenye miti ya mikaratusi.

Ndipo nikasema, “Inatosha. Hawa wawili hawahusiki.”

Kwa hiyo nilimtaja. Nilimtaja kwa hesabu ya kutoa: tatu kutoa mbili. Nilipata hasara zote. Sikulinda hata siri moja kati ya tatu, na ile pekee iliyostahili kutoka ndiyo niliyoitoa ya mwisho.

Kijana wa kidato cha tatu alieleza yote, akawataja wale wanne. Mwalimu mkuu hakuita polisi, na kwa hilo ninamshukuru hadi leo, maana kule Machakos kulikuwa na watoto mahakamani. Watano wote walirudishwa nyumbani. Kwenye mkutano wa wazazi mzee mmoja alipendekeza wanafunzi wote waliobaki waapishwe emuma, kiapo cha jadi, ili ajulikane kama kuna jerikani nyingine. Wachungaji waliokuwapo wakapinga, na wazo likafia hapo. Wale wanne walirudi baada ya wiki mbili na barua za kuomba msamaha. Aliyekuja kwangu hakurudi. Baba yake alifika kuchukua sanduku, akanisalimia kwa heshima zote, akasema kijana amekataa kwa sababu hawezi kulala katika bweni ambalo kila mtu anajua yeye ni nani. Alimalizia masomo kwingine. Yule mdogo aliomba kuwa wa kutwa, akawa anatembea kilomita kadhaa kila alfajiri akilowa umande.

Jumatatu iliyofuata nilikuta mlango wangu umeandikwa kwa makaa, herufi kubwa: POSTA. Unachokitia humo, kinafika. Nilipokwisha kuosha, waliandika tena. Mpaka muhula ulipofungwa aliingia mtu mmoja tu, kuomba kalamu.

Miaka mingi baadaye nilipata nafasi ya kusomea saikolojia ya ushauri kwa kirefu, shahada yenyewe, nikiwa mtu mzima kati ya vijana wenye tarakilishi mapajani. Wiki ya pili wakatufundisha kesi ya Tarasoff. Mwaka 1969, chuo cha Berkeley kule California, mwanafunzi aitwaye Prosenjit Poddar alimwambia mwanasaikolojia wake kwamba atamuua msichana fulani. Mwanasaikolojia akawaarifu polisi wa chuo. Polisi wakamhoji kijana, wakamwona ana akili zake, wakamwachilia. Msichana, Tatiana Tarasoff, hakuambiwa na mtu. Oktoba 27 aliuawa. Mwaka 1976 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumlinda anayetishiwa, si kumtunzia siri anayetishia tu.

Darasa zima lilijadili kama mwanasaikolojia alipaswa kusema. Mimi niliinua mkono nikauliza kuhusu jambo ambalo mhadhiri alikuwa amelitaja kwa nusu sentensi: kwamba Poddar, polisi walipokwisha kumhoji, hakurudi tena kwa mtaalamu wake. Mtaalamu aliyekuwa akimsikiliza alitoweka kwake siku alipoitoa siri, na mauaji yakaja baadaye. Katika hukumu ile alikuwapo jaji mmoja aliyepinga akisema hilohilo: wakijua utasema, hawatakuja, na wasipokuja hutakuwa na cha kusema. Mhadhiri aliniambia ni hoja ya zamani. Kwangu haikuwa na uzee wowote. Nilikuwa nimeisoma mlangoni kwangu kwa makaa.

Maktabani humohumo nilikutana na kitabu cha Sarah LeVine, kilichotoka 1979, kuhusu maisha ya wanawake saba wa Kigusii. Miaka ya sabini yeye na mumewe Robert LeVine walikuwa huku kwetu na watafiti wa Harvard, madaktari wa watoto na wanasaikolojia, wakichunguza jinsi mama zetu walivyolea. Mama Sarah alizungumza na wanawake wale mwezi baada ya mwezi: waume zao, wake wenza, mimba, hofu zao. Ni kitabu cha mtu mwenye masikio. Majina yamebadilishwa. Lakini sikuwa nimefika nusu nikajikuta nabashiri: huyu atakuwa wa upande gani, wifi yake si yule, mbona shamba hili kama la fulani. Sikujua lolote, nilikuwa nakisia tu kama mwanakijiji yeyote. Nikakifunga kwa aibu. Kufuta jina ni ulinzi mzuri mjini, ambako mtu ana jina tu. Huku kwetu mtu ana mlango anaoingia, gunia alilobeba, siku ya wiki. Ukimfutia jina umemvua kofia.

Sheria zimekuja tangu siku zile. Mwaka 2011 ilipitishwa sheria ya kukataza ukeketaji, na kipengele chake cha 24 kinamfanya mhalifu yeyote anayejua kwamba msichana amekatwa au atakatwa akanyamaza. Katika kaunti zetu za Kisii na Nyamira, ambako wasichana hukatwa wakiwa wadogo, Desemba, na siku hizi mara nyingi kwa mkono wa muuguzi, kipengele hicho kimewaweka washauri wengi wa shule mahali pagumu: mtoto anayekuja kumlilia mdogo wake anamshtaki mama yake bila kujua. Mwaka 2014 ikaja Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, na usajili, na bodi. Mwalimu wa leo mwenye mafunzo ya wiki mbili na stoo ya mipira ana karatasi za kumwongoza ambazo mimi sikuwa nazo. Ila moja nilikuwa nayo, tusidanganyane; ile ya daftarini, niliyoipigia mstari mara mbili.

Nilipohamishwa shule nilibadili utaratibu. Chumba niliomba kile chenye mlango wa nyuma, karibu na maktaba, mahali ambapo mtu anaweza kuwa anakwenda popote. Kamati ya nidhamu nilijitoa kwa barua, na mwalimu mkuu mmoja hakunisemesha muhula mzima. Na kila aliyeketi mbele yangu nilimwambia kabla hajafungua kinywa: haya yanabaki hapa, haya hayabaki, chagua. Wengi walichagua kukaa kimya kidogo, wakaniuliza habari za vitabu, wakaondoka.

Halafu ukaja mwaka 2016. Muhula wa pili shule zaidi ya mia moja ziliwaka moto nchini, na Kisii na Nyamira tukawa kwenye habari kila jioni. Waziri wa elimu, Fred Matiang'i, alikuwa mtoto wa hukuhuku. Bweni moja la shule niliyokuwa nikifundisha liliungua Jumapili wakati wa chakula cha jioni. Hakuna aliyeumia. Nilisimama uwanjani na khanga yangu nikitazama mabati yakijikunja, na watoto niliowajua kwa majina wakiwa wamesimama mbali mbali, wengine wakilia kweli na wengine wakilia kwa kujifunza. Angalau ishirini walijua. Hakuna aliyekuja kuniambia. Mwenzangu mmoja kijana, mwalimu wa Hisabati, aliniambia bila kejeli, “Mwalimu, zamani si ulikuwa ukiambiwa?”

Nilikuwa nikiambiwa. Nilikuwa nimeahidi uongo, na kwa uongo ule niliipata ile jerikani. Nikiulizwa leo ningefanya lipi, nitasema mpaka wa siri utajwe mlangoni, kabla ya salamu. Lakini sisemi hivyo kwa sababu ya yule wa hadiwea. Yeye ana duka, ana watoto, huniongezea misumari. Nasema kwa sababu ya yule msichana, ambaye hakuwa na hatari yoyote ya kuripotiwa, na ambaye alilipa.

Jumapili ile ya mwaka 2001, siku mbili baada ya kikao, habari ilikuwa imekwisha kushuka sokoni. Sijui ilipitia kwa nani kati ya wale saba na sitakisia. Siku ya soko nilipita Kebirigo saa tisa mchana, wachuuzi wengine wakikung'uta magunia yao matupu, nikamwona mama yake amekaa na nyanya zake, mafungu yote mazima, yamepangwa vizuri kama asubuhi. Nilinunua mafungu manne. Alinifungia kwenye gazeti, akanirudishia chenji, akaniuliza watoto hawajambo shuleni. Mpaka leo sijui kama alijua ni kwangu habari ilikotokea.

Alifariki Oktoba. Nilikwenda kwenye mazishi nikakaa nyuma kabisa, chini ya mgomba, mahali ambapo niliamini mwalimu hatafutwi. Walipokuja kugawa chai, yule msichana alikuwa mmoja wa waliobeba birika. Aliwapita wazee waliokuwa mbele, akawapita wachungaji, akaja moja kwa moja mpaka pale mgombani. Akanimiminia.

“Ni moto, Mwalimu. Nikupozee?”

Sikuweza kujibu. Akachukua kikombe cha pili, akasimama mbele yangu akiimwaga chai kutoka kikombe cha juu kwenda cha chini, polepole, bila tone kumwagika, na watu wote wakitazama.